Marijani Mkandani mwa Bwana Thurlby

Picha ya Bwana Barnabas Thurlby ilifika Suffolk imefungwa kwa blanketi la farasi, na Ambrose Cordwell akaisimamisha sebuleni kwa heshima, kana kwamba mchumba mwenyewe ameingia. Dada yake Thomasine aliacha kumenya matufaha, akajifuta mikono, akaja kuitazama.

Thomasine alikuwa mjane. Mumewe alimwachia jina zuri na hakumwachia mtoto, na tangu hapo aliishi kwa kaka yake, akilea vitoto vya mbwa na kuzozana na mpishi. Wachumba wawili alishawakataa. Huyu alikuwa na mashamba Lincolnshire, huko kaskazini, na aliyemjua ni mshenga tu, ambaye alimsifu mno hata Thomasine akaanza kumtilia shaka.

"Haya, unamwonaje?" Ambrose aliuliza.

"Hiyo pua ni ya mchoraji, kaka. Duniani hakuna pua iliyonyooka hivyo."

Ambrose alicheka, akaenda zake kuangalia farasi. Thomasine aliivuta picha karibu na dirisha. Uso aliachana nao, maana wachoraji hulipwa kwa ajili ya sura. Akatazama vingine. Mkononi bwana alishika ua la pinki lenye kingo za meno meno, lile ambalo kila mwanamume anayeposa huchorwa nalo. Mezani palikuwa na saa ndogo ya kukumbusha kwamba maisha ni mafupi. Hiyo nayo kila mwenye mali alikuwa nayo pichani. Pete nyeusi ilikuwa ya msiba wa mke wa kwanza, na habari hizo mshenga alizileta. Lakini pale mkandani, ambapo wenzake huning'iniza jambia, kulikuwa na kitu chekundu kimejificha kwenye mikunjo ya mahameli, kidogo kama ukucha.

Alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye rangi. Kilikuwa kipande cha marijani chenye mshikio wa fedha, kama vile wanavyovalishwa watoto wachanga shingoni ili watafune meno yanapoota na wakingwe na jicho baya. Kwenye ncha mchoraji alikuwa ametia mikwaruzo myeupe, myembamba kama nywele. Alama za meno.

Hakuna aliyekuwa amemwambia kuna mtoto.

Aliketi, halafu akaanza kucheka peke yake, mkono mdomoni, hata mpishi akachungulia mlangoni.

Wakati wa chakula alimbana kaka yake. Ambrose aliitazama sana nyama ya kondoo sahanini kabla ya kukiri kwamba ndiyo, kuna binti mdogo, na mshenga alikuwa ameagiza wote wanyamaze, baba mtu pamoja nao, mpaka ndoa ifungwe.

"Tulidhani utakataa," alisema.

"Mlidhani. Mimi mngeniuliza lini, huyo mtoto akishaolewa?"

Ambrose akaomba aongezewe mchuzi.

Siku chache baadaye alikuja Joos, mchoraji wa Kiflemi kutoka ng'ambo ya bahari, kuchora picha ya Thomasine ya kupelekwa kwa mchumba. Ambrose alitaka lulu na mkufu wa dhahabu wa mama yao, na Thomasine akavaa vyote bila ubishi. Kaka alipotoka tu, alikwenda stoo akaleta kigoda cha watoto, akakiweka kando ya gauni lake.

"Kigoda kitupu, bibi?" Joos aliguna. "Watu watauliza nani amekufa."

"Kichore kama kinasubiri."

"Kigoda kinasubirije?"

Thomasine alifikiri, akaenda jikoni, akarudi na mkate wa tangawizi uliotoka motoni sasa hivi, akauweka juu yake. Joos alikubali kwamba sasa kinasubiri. Tabu ikawa kwamba aliula kabla hajamaliza kuuchora, ikabidi aletewe mwingine.

Picha ilipofungwa kupelekwa kaskazini, Ambrose aliona lulu na mkufu, akaridhika kabisa.

Majira ya kuchipua Bwana Thurlby alikuja mwenyewe, bila mshenga, katika manyunyu ya mvua. Mbele yake kwenye tandiko palikuwa na furushi la sufu lililotokeza viatu viwili. Alishuka, akavua kofia. Hotuba aliyoiandaa njia nzima ilimpotea.

"Nilipokiona kile kigoda nilimwita binti yangu akitazame," alisema. "Tangu siku hiyo hanipi raha, bibi. Anataka kujua ule mkate ni wa nani."

Thomasine alichuchumaa matopeni na gauni lake zuri, mbele ya lile furushi lililokwisha kushushwa.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Petronell."

"Basi ni wa Petronell."

Mtoto alimkagua kwa makini, toka kofia hadi viatu, kisha akamwambia baba yake kwamba watakaa. Barnabas alifumba macho kidogo. Alipoyafumbua, Thomasine alikuwa akimtazama, na wote wawili wakacheka kama watu waliofahamiana tangu utotoni.

Walioana wakati wa kukata majani ya ng'ombe. Joos aliitwa tena, awachore wote watatu. Alimwomba Petronell anyamaze kidogo tu, akambembeleza, akamwahidi tini, lakini wapi. Mwisho akakata tamaa, akamchora vivyo hivyo, kidole juu, mdomo wazi, akiwa katikati ya habari ndefu ya bata.