Kizibo Hakikumbuki

Mama mkwe alinikuta nimechuchumaa chumbani narusha vizibo vya soda kwenye beseni, na mwanangu anapiga makofi kila kimoja kikitua. Alisimama mlangoni, chupa ya kunyunyizia maji mkononi. Akarudi sebuleni kwenye meza yake ya kupigia pasi, na kutoka huko huko akanitangazia kwamba jioni ya leo mtoto hamshiki.

Jioni hiyo ndiyo nilikuwa na mtihani wa hesabu.

Nasomea ualimu wa chekechea, madarasa ya jioni. Hesabu ni lazima kwa kila mtu chuoni, hata kwa wanaosomea muziki. Bila kuifaulu hupati cheti. Chekechea ya mtaani kwetu wameniwekea nafasi, lakini hawatanisubiri milele. Nikikosa mtihani narudia mwaka mzima, na nafasi inachukuliwa na mwenye cheti chake. Mume wangu ni dereva wa lori, yuko safari. Mtoto hana mwingine wa kumwangalia ila bibi yake, na msimamizi alishatuonya kwamba mtoto haingii chumba cha mtihani hata akiwa amelala.

Sasa hivyo vizibo. Mwalimu wetu ni mjanja. Angetuambia turushe sarafu, tungeandika nusu kwa nusu bila kurusha hata mara moja. Lakini kizibo hakuna anayejua kitalala chali, meno juu, mara ngapi. Inabidi urushe mpaka mkono uchoke. Nilikuwa narudia zoezi lile nitulize moyo. Moyo wenyewe ulikuwa hautulii.

Nilimfuata mama sebuleni nimweleze, nikaharibu zaidi. Nilimwambia tunatafuta uwezekano wa kizibo kulala chali. Akauliza kikilala chali napata nini. Nikasema sipati kitu. Akanyunyizia maji kola ya shati la mteja, akasema basi mimi ni mgonjwa kuliko marehemu, maana mwenzangu angalau alikuwa anategemea kupata.

Marehemu ni baba mkwe. Sikumkuta. Nilichojua ni kwamba cherehani ya mama iliondoka humu ndani kwa sababu ya kamari, na tangu hapo mama anapiga pasi nguo za watu. Mwanangu, mama humwita "mume wangu", kama bibi wanavyowatania wajukuu wao.

"Mume wangu wa kwanza kamari ilinichukulia," alisema bila kuniangalia. "Huyu wa pili haimpati. Simshiki ili wewe ukajifunze kamari."

Nikaenda dirishani, nikarudi. Nikavaa gauni, nikalivua, nikavaa jingine, kisha nikalirudia lile la kwanza. Nikamgongea jirani, hayupo. Kivuli cha ukuta kilishafika mlangoni kwetu. Nikamfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko, nikajiambia mengine nitayajua huko huko, nikashika kitasa. Nikasimama.

Kizibo kimoja kilikuwa bado kiganjani mwangu. Nikarudi, nikakirusha mezani, kando ya pasi. Chali. Nikarusha tena. Chali. Mama akajifanya haoni. Chali, na tena chali.

"Sasa kitalalaje, mama?"

"Kifudifudi," alijibu upesi. "Zamu yake imefika."

Darasani tulijibu vivyo hivyo sote, na mimi ndiye niliyetangulia kunyoosha mkono.

"Na nani amekiambia kwamba zamu imefika?" nikamuuliza mama.

Pasi ikabaki hewani.

"Kizibo hakikumbuki, mama. Kila ukikirusha, kwake ni kama ndiyo mara ya kwanza."

Aliisimamisha pasi. Akakichukua kizibo, akakichungulia ndani, akakirusha mwenyewe. Chali. Akakirusha tena, kikalala kifudifudi, akatikisa kichwa kama aliyedanganywa. Alipoongea, sauti ilikuwa ya chini.

"Marehemu alikuwa akiniambia hivyo hivyo. 'Nimeliwa wiki nzima, mke wangu, leo zamu yangu.' Nami nikamwamini. Ile cherehani nilimsaidia kuibeba mpaka barabarani."

Hilo hakuwahi kuniambia. Sidhani kama mwanawe anajua.

"Kwa hiyo haikuwa njiani, hiyo zamu?"

"Haikuwa njiani, mama. Siku ya mwisho ilikuwa sawasawa na siku ya kwanza."

Mtoto alikuwa anajinyonganyonga mgongoni, na mimi miguu inaniwasha, saa ya ukutani siitazami kwa makusudi. Kisha nikahisi vidole vyake vinafungua fundo la mbeleko.

"Lete mume wangu. Na ukifika andika kama ulivyoniambia mimi, usianze kubabaika."

Nilitoka mbio. Dirisha letu lilikuwa wazi. Nikasikia kizibo kikigonga meza, kimya kidogo, kikagonga tena. Kwenye kona ndipo nilipogundua nimevaa ndala za mama, kubwa, zinapiga kelele kila hatua. Sikurudi.