Kifuniko cha Mashine ya Eksirei

Mshonaji alijua shavu lake limevimba siku pini zilipomponyoka mdomoni akikunja upindo wa sketi ya shule. Hakusikia maumivu. Daktari wa meno alimbonyeza, akasema ni jino, akaling'oa. Kwake yeye shavu likivimba ni jino, basi. Mashine ya eksirei ilikuwa pale pembeni, imefunikwa kitambaa cha maua alichokishona mshonaji mwenyewe, isiingie vumbi.

Kesho yake asubuhi jino lilikuwa limeketi juu ya cherehani, jeupe, zima, halina hata doa. Mshonaji alilitia kwenye kopo la vifungo, akaendelea na kazi.

Uvimbe ukakua. Daktari akang'oa jino la jirani, nalo likarudi kabla ya chai.

"Meno yako yana adabu kumshinda kaka yangu," wifi yake alisema. "Yanajua nyumbani."

Mshonaji alicheka kwa upande mmoja. Alikuwa anaogopa sana. Kila alipotafuna mkate alisikia mfupa ukilia kama ganda la yai, akahofia taya lingekatika mbele ya wateja.

Alipoitwa kung'olewa jingine, alikwenda na kopo lake. Meno yalitoka yenyewe, yakapanda mashine, yakavuta kifuniko mpaka chini. Daktari alikiokota, akakikung'uta.

"Haya, tupige hiyo picha. Yamesumbua."

Ndani ya taya palikuwa na shimo jeusi. Daktari alikata kipande kidogo cha nyama, akakipeleka maabara. Jibu likaja: kifuko cha majimaji, aina adimu. Si saratani, lakini kinakula mfupa, na hata kikikwanguliwa huweza kurudi.

"Kwa hiyo halikuwa jino?"

"Halikuwa jino. Tutakikwangua, halafu utakuwa unakuja nikuangalie, miaka yote."

"Na daktari hapa ni wewe tu."

"Ni mimi tu."

Kitini alikuwa ameshakaa seremala mwenye shavu lililovimba. Daktari akachukua koleo. Kando ya ukuta meno ya wagonjwa wa asubuhi yalikuwa yakielekea mlangoni, na mshonaji aliinua mguu yapite.

"Nishonee kifuniko kingine," daktari alisema bila kugeuka. "Kizito, chenye kamba za kufungia chini. Hiki yanakivuta."

Mshonaji alishika taya lake. Aliogopa hata kukataa. Akatoa futi mkobani, akaanza kuipima mashine.