Shahidi Ni Aliyeona kwa Macho

Mwaka ule watoto watatu walikufa kwa mwezi mmoja katika kijiji kimoja kati ya Kabambare na Wamaza. Wa tatu alikuwa Julienne, binti pekee wa Octave. Misioni ilikuwa mwendo wa siku mbili kwa miguu, kwa hiyo Octave ndiye aliyewasomea Wakristo Neno siku ya Mungu, na wote walimwita Mwalimu.

Jumapili iliyofuata mazishi, mzee wa kanisa Marcellin alisimama kabla ya mahubiri. Alikuwa amefunga siku tatu. Midomo ilikuwa imempasuka.

"Roho amenionyesha mutu anayekula watoto wetu kwa uchawi," akasema. "Ni Mama Anastasie."

Anastasie, mjane asiye na mtoto, alikuwa ameketi nyuma kabisa. Hakuwahi hata kusimama. Régina, mke wa Octave, alimfikia wa kwanza, akamburuta nje kwa nywele, akachukua mchi uliokuwa kando ya kinu na kumpiga. Mfupa wa mkono ulivunjika, watu wakausikia. Wanaume wakakimbilia majembe.

Octave alibaki kwenye benchi. Usiku wa kuamkia siku hiyo yeye mwenyewe alikuwa amemwota Anastasie akimkaba Julienne shingo, na alipoamka moyo wake ulikuwa umekwisha kukata shauri. Alitaka yule mama afe. Lakini Kitabu kilikuwa mapajani mwake, na alijua mahali palipoandikwa kwamba mtu asihukumiwe pasipo mashahidi wawili au watatu. Kwa kitambo alitamani asingejua kusoma.

Kisha akatoka, akapenya katikati ya watu, akamlalia Anastasie kumkinga.

"Ondoka, Mwalimu," Marcellin akasema. "Ni huyu njo aliua mutoto wako."

"Neno linataka mashahidi."

"Roho wa Mungu hatoshi?"

"Roho hapingani na yale aliyoandikisha. Hata mimi nilimwota, Marcellin. Nilimwona anamuua Julienne."

Watu wakanguruma. "Basi muko wawili," mmoja akasema. "Mashahidi ni hao."

"Shahidi ni aliyeona kwa macho," Octave akajibu. "Mimi nililala. Marcellin alikuwa na njaa ya kufunga. Nani hapa aliona?"

Marcellin alimpiga mdomoni kwa mpini wa jembe. Taya likavunjika. Pigo la pili likamwingia mbavuni, la tatu kisogoni. Damu yake ilichuruzika usoni mwa mjane, lakini Octave hakusogea. Régina aliinua mchi tena, akaona hapati pa kumpiga Anastasie bila kumpiga mume wake.

"Baba Julienne, toka."

Octave alitikisa kichwa. Kusema hakuweza tena.

Régina akamgeukia Marcellin. "Uliona nini kwa macho yako? Niambie. Nimevunja mukono wa mutu."

Marcellin akainua jembe mara ya nne. Régina akampiga gotini kwa mchi, na Marcellin akaanguka akilia kwa maumivu. Wengine wakatazamana, kisha wakaondoka mmoja mmoja.

Anastasie alibebwa kwa machela hadi kwa kaka yake katika kijiji cha Lusangi. Juma halikwisha, watoto wawili wa Marcellin wakaanza kuhara damu. Muuguzi aliyetoka Kabambare alipanda juu ya chemchemi ambako kijiji kilichota maji, akakuta vyoo vya kambi ya wafanyakazi wa barabara vinamwagikia majini. Akaamuru maji yachemshwe. Mtoto mmoja wa Marcellin alipona. Mwingine walimzika karibu na Julienne.

Marcellin alimjia Octave akichechemea, akaketi chini mlangoni.

"Mwalimu, nilisikia sauti kabisa. Sikudanganya."

Octave, taya limefungwa kitambaa, alimwamini. Hilo ndilo lililomtisha.

Régina alikwenda Lusangi peke yake, jembe begani. Alimkuta Anastasie amekaa mbele ya nyumba, mkono umeungana vibaya. Akapiga magoti, akasema yote, hata kwamba lile pigo la kwanza lilimpa raha.

Anastasie alimsikiliza hadi mwisho.

"Nimesikia," akasema. "Lakini kulima siwezi tena."

"Shamba liko wapi?"

Mjane akaonyesha kwa kidevu. Régina akainuka, akaenda kuanza kukata majani.