Mashine Iliyovishwa Nguo

Fundi cherehani alishinda roho juu juu, na kilichomtisha kilikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, chumba cha mwisho. Kompyuta ya marehemu mumewe, ile ya kuchezea michezo, ilikuwa inavuma kupita kiasi. Inavuma, inakwama kama inayotafuta pumzi, inavuma tena. Mwezi wa tatu huu haijazimwa.

Msimlaumu haraka. Mumewe, mtu mzima na kipara chake, hakuwahi kuacha michezo. Siku ile aliusimamisha mchezo, akasema anakimbia dukani mara moja kuleta maziwa. Gari likamgonga barabarani. Kwenye skrini aliacha nyumba aliyokuwa akiijenga humo mchezoni, ile ile waliyoiota tangu waoane, yenye chumba cha kushonea cha madirisha mawili. Alikuwa amemwahidi mkewe kwamba akimaliza atamwita aione. Hakuwahi kumwita.

Mjane hakujua kama kazi ile ilikuwa imehifadhiwa. Kwake kompyuta ni giza totoro. Alichojua ni kwamba ikizimika, huenda nyumba ikaenda nayo. Basi akawa anaiwasha skrini tu kila jioni, anatazama, anaizima. Umeme ukikatika, betri ya akiba huibeba mashine, naye hukaa mlangoni amebana pumzi mpaka urudi.

Lakini mficha maradhi kilio humuumbua. Picha ilianza kukwamakwama, saa ya pembeni ikachelewa, skrini ikawa inaingia giza na kurudi. Akajifanya haoni. Leo giza lilikaa muda mrefu kuliko kawaida, ndipo akamwita shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi wa kompyuta ambaye mtaa mzima humwita Bisibisi.

Bisibisi alisimama mlangoni.

"Shemeji, hii nini?"

"Nguo."

"Kompyuta inavaa nguo?"

"Vumbi, shemeji. Kaka yako alikuwa hapendi vumbi."

Aliishona mwenyewe baada ya matanga: kitambaa kizito cha makoti, sponji ndani, vifungo juu hadi chini, imeibana mashine sawasawa. Kwa ushonaji, hakuna wa kuitoa kasoro.

Bisibisi, mtu anayetania hata msibani, hakucheka. Hilo lilimtisha mjane kuliko mvumo wenyewe. Shemeji akafungua kijidirisha cha kuonyesha joto.

"Tisini na saba."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ikigonga mia inajizima yenyewe isiungue. Haimwombi mtu ruhusa."

"Basi hifadhi! Hifadhi sasa hivi!"

"Ngoja. Kuhifadhi nako ni kazi, joto litapanda. Ikijizima katikati, hata kilichopo kinaweza kuharibika. Sikutishi, nakwambia ukweli. Ivue nguo kwanza. Polepole, usitikise waya."

Vidole vilivyozoea kutunga sindano bila miwani vikashindwa na kifungo. Tisini na nane. Kifungo cha pili, cha tatu. Tisini na tisa.

"Nimeiua mwenyewe," alisema. "Shemeji, nimeiua kwa mikono yangu."

"Bado. Endelea."

Nguo ikanasa pembeni. Akachukua mkasi wake akaikata, yeye ambaye hakuwahi kukata mshono mzima, na joto likampiga usoni kama la tanuri la mkate. Bisibisi akafungua ubavu wa mashine, akakimbilia feni ya sebuleni na kuielekeza humo. Wote wawili wakakodolea namba macho. Tisini na sita. Tisini na moja. Themanini na nne.

"Bonyeza wewe," alisema Bisibisi. "Ni nyumba yako."

Akabonyeza. Kimstari cha kuhifadhi kikatambaa, kikafika katikati, kikaganda. Skrini ikawa nyeusi. Akamshika shemeji mkono kwa nguvu hadi kucha zikazama.

Picha ikarudi. *Imehifadhiwa.*

Bisibisi akashusha pumzi, akainakili nyumba kwenye flashi, akamwekea mjane kiganjani na kuvikunja vidole vyake juu yake.

"Sasa hata mashine ife, nyumba unayo. Lakini lazima niizime, nisafishe. Feni mbili hazizunguki kabisa kwa vumbi."

"Zima tu, shemeji," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

Akaizima. Mvumo ukashuka, ukashuka, ukaisha.

Hapo ndipo hofu yenyewe ilipomjia. Kumbe miezi yote hiyo alikuwa analala kwa sauti ile, kama mke ambaye mumewe yuko chumba cha mwisho bado anacheza, atakuja kitandani akichoka. Sasa chumbani humo hamkuwa na mtu wa kungojwa. Aliketi sakafuni na flashi yake mkononi, akalia kilio ambacho msibani kilikataa kutoka.

Bisibisi alimwacha. Alisafisha feni moja moja kwa brashi, akarudisha kila kitu mahali pake, kisha akachuchumaa karibu naye.

"Tayari, shemeji. Niiwashe?"

"Bado," alisema. "Niache kwanza nizoee."