Pasipoti ya Laini ya Nne

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu, saa nne na robo asubuhi, pale Mzee Kola alipoinuka kwenye stuli yake na jirani yake wa cherehani akamnong'oneza, "Mzee wangu, kaa. Suruali ina damu nyuma."

Akakaa. Miaka kumi na tisa alikuwa akishona kola za mashati ya sare kiwandani humo, ndiko alikolipata jina, na hakuwahi kukaa kwa aibu kama ile. Miezi kadhaa alikuwa akiiona damu chooni, nyekundu mbichi, akajiambia itapita. Jikaze kisabuni, mwanamume wewe.

Na choo chenyewe kilikuwa na masharti. Laini ya nne ilikuwa na mafundi thelathini na wawili na kibao kimoja tu cha mbao, kimetundikwa kwenye msumari kando ya meza ya msimamizi. Bila kibao huendi. Mafundi walikiita pasipoti. Wakubwa waliobuni mpango huo walikaa ghorofani, ambako choo hakikuwa na foleni. Basi mafundi nao wakajitungia dawa: toka asubuhi mpaka kengele ya jioni, hakuna kunywa maji. Maji kidogo, safari kidogo, ugomvi kidogo. Nani angewaambia kwamba haja ikizuiwa hukauka ndani ikawa jiwe?

Aliyemwambia Mzee Kola ni tabibu wa zahanati, mwanamke wa rika la binti yake, na binti mwenyewe ndiye aliyemburuta mpaka pale. Alilala ubavu, uso ukutani, akihesabu nyufa za rangi. Hazijafika kumi, kazi imekwisha.

"Ni bawasiri, baba," tabibu alisema. "Mishipa ya njia ya haja imevimba kwa kujikamua. Lakini damu ya huko usijitabirie mwenyewe, kuna maradhi mengine mabaya hujificha humo. Tutakupima na kipimo kingine. Kunywa maji, kula mboga na matunda, chooni usikae kama uko barazani. Jioni kalia maji ya vuguvugu kwenye beseni, robo saa hivi. Na haja ikikuita, nenda palepale."

"Ikiniita saa nne?"

"Hata saa nne."

"Mwanangu, wewe hujamwona msimamizi wetu."

Nyumbani, binti alitoa beseni la bluu nyuma ya mlango. Mzee Kola akashtuka. Marehemu mkewe, aliyeshona vifungo laini ya pili mpaka homa ilipomchukua, hakuruhusu mtu afulie nguo humo.

"Hilo si la kulowekea miguu?"

"Miguu gani, baba? Mama alikuwa akilikalia. Tangu aliponizaa mimi."

"Miaka yote ile? Mbona hakuniambia?"

"Ungemcheka."

Alitaka kubisha, akakumbuka jina alilompa mkewe akimwona na beseni lile: Malkia wa Maji Moto. Alifunga mlango, akajishusha taratibu. Maumivu yalilegea, lakini moyo ukakaza. Hasira zake zilizozoea kupanda ghorofani, jioni ile nusu yazo ilishuka ikamkalia yeye.

Kipimo cha pili kilitoka kizuri. Jumatatu alirudi kazini na chupa ya maji, akaiweka wazi juu ya cherehani, akanywa. Saa nne na robo haja ikaita. Msumari ulikuwa mtupu. Akainuka.

"Mzee Kola!" msimamizi alifoka. "Kibao kiko wapi?"

"Kimeenda na mwenzangu."

"Basi subiri kirudi."

"Nimesubiri miaka kumi na tisa. Nina bawasiri."

Neno lilitua katikati ya laini kama mkasi ulioanguka. Kijana mmoja akacheka. Kisha mama aliyeshona pindo za mikono ya mashati, bila kuinua kichwa, akasema, "Mimi pia ninayo. Nichekeni na mimi." Kicheko kikakatika. Mzee Kola akaenda zake, bila kukimbia.

Aliporudi, meneja alikuwa ameshuka mwenyewe, mikono nyuma, karibu na msumari.

"Unajua kwa hili naweza kukufukuza?"

"Najua."

"Ungekuja ofisini kwa adabu, tukaongea. Huna la kusema?"

Mzee Kola alimfikiria mkewe laini ya pili, kiu yake, beseni lake, mdomo wake uliofungwa. Cherehani zilikuwa zimenyamaza moja baada ya nyingine.

"Swali moja tu, bosi," alisema. "Wewe haja ikikushika huko juu, kibao unakichukua kwa nani?"