Breki ya Maji ya Sabuni

Pale Ahero, kando ya barabara inayotoka Kisumu kwenda Kericho, kila mwenye gari bovu alilijua jiko la Beldina. Yeye hakuwa fundi. Alikuwa mama yake Dalmas, na Dalmas alikuwa na pikapu kuukuu ya buluu iliyokuwa imetengenezwa kwa vitu vya jikoni zaidi kuliko vya dukani.

Tangi la petroli likitoboka, Dalmas anaita, "Mama, kipande cha sabuni!" Beldina anakata kwenye mche, mwanawe anakanda, anaziba tundu, petroli inanyamaza. Rejeta ikivuja, anamwagia ndani kiganja cha unga wa mahindi, unajipika wenyewe humo na kuziba. Siku moja mkanda wa feni ulikatika mbele ya kanisa, watu wakitoka ibadani. Dalmas akamtazama mkewe, Rosa, miguuni.

"Vua soksi."

"Zipi? Hizi za Jumapili?"

"Nitakununulia zingine."

"Ndivyo ulisema juu ya mshipi wangu wa gauni, na mpaka leo umefungia salensa!"

Watu walicheka, pasta naye akacheka. Rosa akaenda kuzivua nyuma ya mlango, na pikapu ikafika nyumbani feni ikizungushwa na soksi ndefu za mwanamke. Toka siku hiyo Dalmas akaitwa Daktari, na Beldina wakamwita Duka la Spea. Jina alilipenda. Tuseme ukweli, mama gani hapendi mtoto wake asifiwe? Kila gari lilipowaka kwa kitu kilichotoka mekoni kwake, alijiona kama amemzaa Dalmas mara ya pili. Hakukumbuka kwamba gari lililokataa kuwaka halijawahi kuua mtu.

Mwaka wa themanini na saba, mvua ndefu zilipokwisha, breki ikaanza kuvuja. Bomba linalokwenda gurudumu la nyuma lilikuwa limeliwa na kutu. Dalmas akalala chini ya gari, akalikata, akakunja ncha yake na kuiponda kwa nyundo juu ya jiwe mpaka ikawa bapa, kitu kisipite. Gurudumu moja likabaki bila breki.

"Matatu yanatosha," alisema akijipangusa vumbi. "Hata chungu kinakaa kwa mafiga matatu."

Lakini mafuta ya breki yalikuwa yameisha kumwagika, na abiria wa soko walikuwa wamekaa juu ya magunia yao wakimngoja.

"Mama, nikorogee maji ya sabuni. Mazito kidogo."

"Ya kuoga saa hii?"

"Ya breki. Sabuni inateleza kama mafuta. Kesho nikifika Kisumu nitanunua mafuta yenyewe."

Beldina akakuna sabuni kwa kisu, akakoroga sufuriani kwa mwiko wake wa ugali, akachuja kwa kitambaa safi ili mabonge yasizibe bomba. Aliyatengeneza maji hayo kwa uangalifu, kama mtu anayempikia mgonjwa uji. Dalmas akamimina. Rosa akakaa kwenye usukani akipiga pedali huku mumewe akitoa hewa. Halafu Dalmas akaitoa pikapu barabarani kuijaribu. Huko kwao, uwanda wa Kano, nchi imelala kama meza. Alikuja mbio, mbuzi wakavuka, akakanyaga. Pikapu ikasimama, mbuzi hata hawakugeuza shingo. Beldina akapiga vigelegele.

Kesho ikawa wiki, wiki zikawa tatu. Mafuta hayakununuliwa. Ya nini? Kati ya Ahero na Kisumu hakuna mlima. Breki ni ya ng'ombe na polisi.

Alhamisi moja, asubuhi na mapema, akaja Perez, mama mwuza kabichi wa soko la Awasi. Lori alilozoea lilikuwa limekufa, na kabichi zake zilikuwa zinaoza kule juu Kericho.

"Daktari, niokoe."

Beldina akawafungia viazi vitamu kwenye gazeti. "Nyathina, mwanangu, nenda polepole."

"Mama, kupanda mlima, hii hata nikiomba mbio hainipi."

Wakaondoka wakicheka.

Saa nne akapita Masinde kunywa chai. Huyu alikuwa ameendesha mabasi miaka ishirini mpaka macho yakamkataa. Akauliza Dalmas yuko wapi.

"Amepanda Kericho na Perez, wanaleta kabichi."

"Basi breki alitengeneza. Niliona bomba limepondwa."

"Kitambo! Nilimkorogea maji ya sabuni mimi mwenyewe, kwa mikono hii."

Kikombe cha Masinde kikasimama kabla hakijafika mdomoni.

"Maji?"

"Ya sabuni."

"Mama Dalmas, sabuni si neno. Nakuuliza juu ya maji." Akaonyesha birika mekoni. Kifuniko kilikuwa kinarukaruka. "Kushuka kule mguu haubanduki kwa breki. Chuma kinashika moto kushinda hilo jiko lako. Mafuta yanavumilia. Maji yanachemka humo ndani ya bomba. Yakishakuwa mvuke, unakanyaga na hakuna kitu unakanyaga."

"Lakini imeshika wiki tatu!"

"Imeshika Kano. Hapa Kano ungefunga breki kwa kamba na ingeshika."

Beldina akakitazama kile kifuniko. Tangu utoto alikuwa anachemsha maji, mara tatu, mara nne kwa siku, na leo alikuwa anaambiwa na mwanamume kwamba maji huchemka.

Hakuvua hata aproni. Alifika Awasi, kwenye njia ya Kericho, saa sita, akanunua mkebe wa mafuta ya breki kwenye kituo cha petroli, akasimama barabarani kusimamisha magari yanayopanda. Dereva mmoja alisimama, jina lake Wakhisi, mwenye lori tupu lililokuwa likienda kuchukua mbao.

"Pikapu ya buluu, mlango mmoja mwekundu," alimwambia. "Mpe hii. Mwambie asishuke. Mwambie mama yake amesema asishuke."

"Na nikimkosa?"

"Usimkose, baba."

Akabaki hapo. Basi lililotoka Kericho likasimama kushusha abiria, akapeleka kiganja karibu na gurudumu lake. Joto likamrudisha mkono. Likaja lingine, naye akapeleka mkono tena, kana kwamba hili la pili lingekuwa baridi. Kila kitu cha buluu kilichotokea kwenye kona kilimsimamisha moyo: turubai, basi la shule, gauni la mwanamke juu ya baiskeli.

"Unangoja mgeni, mama?" aliuliza mwuza ndizi.

"Mtoto."

"Kaa basi. Mtoto huja tu."

Hakukaa.

Saa tisa lori la Wakhisi likarudi, likishuka polepole mno. Ndani, kando ya dereva, alikuwa Perez, mkono umefungwa kwa leso. Wakhisi akateremka ameshika kofia na ule mkebe. Kifuniko cha mkebe kilikuwa bado hakijafunguliwa.

"Mama, nilikutana nao wameshaanza kushuka. Nilipiga honi, nikawasha taa. Naye akaniwashia. Nikadhani amenielewa." Akamrudishia mkebe. "Kumbe alikuwa ananiambia nimpishe."

Perez alizungumza akitazama mbele, kwenye kioo. "Alicheka kwanza. Alisema, 'Breki imekuwa uji.' Akakanyaga, akakanyaga. Halafu akaniambia nishike mlango, nikiona nyasi niruke." Akaikaza leso mkononi. "Magurudumu yalikuwa yanatoa povu, Mama Dalmas. Povu jeupe. Pikapu imelala ubavu, na pale mahali pote pananuka kama siku ya kufua."

Beldina hakuuliza mwanawe yuko wapi. Nyuma ya lori, pale pa mbao, palikuwa na turubai refu lililoviringishwa, nao walikuwa wamepanga kabichi pande zote mbili ili lisiyumbeyumbe kwenye kona. Ndicho kitu kilichokuwa karibu.

Mkebe ule uko bado kwenye rafu yake. Nguo za nyumba hufuliwa na Rosa, mbali, mtoni. Na madereva hawajaacha kubisha hodi, maana jina la Duka la Spea halikufa.

"Mama, una kipande cha sabuni? Ni ya tangi tu."

"Kaa hapo," Beldina huwaambia, na kuteleka birika. Wanafurahi, wanadhani ni chai. Huwavutia kigoda karibu na meko, akawaambia watazame kifuniko, wasiondoe macho.

Wengine hukaa mpaka kiruke. Wengine husema wamechelewa, wakaenda kuomba nyumba ya pili.