Tarehe ya Papa Zagabe

Kicheko ndicho kilichomfikia kwanza, kabla hajauona mlango wala ukuta wa uani. Kilipanda juu ya mdundo wa mchi uliokuwa ukitwanga sombe, yale majani ya muhogo, kikakatika, kikaanza upya. Maombi alisimama kwenye ngazi za mawe, mkate kwapani, akajiuliza ni jirani gani huyo mwenye furaha kiasi hicho. Akamtambua. Alikuwa mama yake. Tangu baba aondoke kwenda Shabunda na gitaa mgongoni, Maman Virginie alikuwa akiwatabasamia wageni kwa adabu tu. Kucheka, hakuwa amecheka.

Uani, wanawake wa ukoo waliokuwa wamepanda kutoka Nyangezi na ndizi zao walikuwa wamejaa kama siku ya arusi. Francine, fundi wa nguo wa mtaa ule wa Muhumba, alikuwa amepiga magoti na pini midomoni, akipima pindo la kitenge kipya alichomvisha Maman Virginie juu ya nguo zake nyeusi.

"Simama muzuri, maman. Uko natingishika kama bibi-arusi."

"Bwana arusi iko wapi sasa?"

"Anakungojea kwa misa, kesho kutwa. Tena yeye hatachelewa kama bale bengine."

Wanawake wakacheka tena. Maombi akaweka mkate mezani, akacheka nao.

Kesho kutwa ilikuwa tarehe ishirini na nne Aprili, siku ya kuondoa matanga. Kwao, mjane huvaa nyeusi mpaka mwaka wa kifo utimie. Asubuhi ya siku hiyo husomewa marehemu misa, kisha wanawake wa ukoo humvua mjane ile nyeusi, humwogesha, humvisha kitenge kipya na kumrudisha kati ya watu. Kabla ya hapo hatacheza arusini, hatakaa mbele kwenye karamu, hatavaa kitu chenye ua. Yote hayo Maman Virginie aliyavumilia bila neno. Lililomla roho ni lile la kabla: miezi mirefu ambayo simu ya mumewe haikupatikana, naye hakuwa mke wala mjane, hakujua amwombee mtu arudi au amwombee mtu apumzike. Aliwahi kumwambia padri, kwa sauti ya chini, kwamba anaomba vyote viwili na kuona haya mbele ya Mungu.

Papa Zagabe alikuwa mpiga gitaa la solo. Alikwenda Shabunda na bendi ndogo kuwachezea wachimbaji wa dhahabu, akisema atarudi kabla ya Noeli. Aliyerudi, miezi mingi baada ya Noeli hiyo, ni Philémon, mpiga bezi, mwembamba kama fimbo, miguu imepasuka kwa safari ya msituni. Alikaa kwenye kiti cha sebuleni, akakataa chai, akasema yote bila kupumzika.

"Papa Zagabe alishikwa na homa. Ilikuwa homa ya nguvu, hata maji ilikuwa inarudi. Redio ilikuwa kwa dirisha. Asubuhi tukasikia sauti yako, Maombi. Ile émission yako. Akainua mukono, akaambia batu bote, nyamazeni, huyu ni mutoto yangu. Akasikiliza mpaka mwisho. Magaribi alikuwa amekwenda."

"Siku gani?" Maman Virginie aliuliza. Hilo ndilo lililokuwa swali lake la kwanza.

Philémon alitazama viganja vyake. Kambini, alisema, hakuna anayejua hata Jumapili. Lakini kipindi alikikumbuka. Maombi alikuwa amezungumza juu ya Mobutu, alivyowatangazia watu vyama vingi huku machozi yakimtoka, na juu ya Papa Wemba, alivyoanguka jukwaani kule Abidjan.

Maombi hakufikiri hata kidogo. Kazi yake ilikuwa tarehe. Kila asubuhi, katika kipindi chake cha Siku Kama ya Leo, alipanga mambo ya dunia na mambo ya muziki yaliyoangukia siku moja, na wasikilizaji wa Bukavu walijua kwamba Maombi hakosei. Mobutu alilia mwaka wa tisini, Papa Wemba alianguka mwaka wa elfu mbili na kumi na sita, na siku ni ile ile.

"Ishirini na nne Aprili," akasema.

Maman Virginie akapiga ishara ya msalaba, akaingia chumbani, akatoka amevaa nyeusi. Alilia siku zile kama mtu aliyepewa ruhusa. Na Maombi, katikati ya msiba, alikuwa na kajivuno kadogo alikokaficha: baba alikufa na sauti yake masikioni, naye ndiye aliyempa mama siku.

Sasa, mkate ukiwa mezani na wanawake wakicheka, aliteremka tena mpaka studio. Alitaka kumpigia Destin, mtangazaji wa redio ndogo ya Shabunda iliyorusha kipindi chake. Mtandao wa huko haukubeba faili nzito za sauti, kwa hiyo Maombi alirekodi kila kipindi mapema, akakitia kwenye kifimbo cha kumbukumbu cha USB, akamkabidhi rubani wa ndege ndogo inayopeleka mizigo, ili kifike kabla ya siku yake. Alitaka kumshukuru Destin, na kumwomba mwaka huu tarehe ishirini na nne akirushe kipindi asubuhi, saa ile ile ya mwaka jana.

Destin alicheka mpaka akakohoa. "Saa ile ile? Weye dada, uko na mizaha. Huku tunapiga ikifika."

"Lakini naituma mbele."

"Unatuma mbele, ndege inakuja nyuma. Mwaka jana mwezi wa ine mvua ilikula kiwanja yote, hakuna ndege iliyotua. Ile yako ya Papa Wemba ilikuja pamoja na za mwezi wa tano, zote mu mufuko moja."

Maombi alishika ukingo wa meza. "Uliipiga siku gani, Destin?"

"Siku gani? Batu baliipenda, niliipiga mara mingi. Mwezi wa tano, mwezi wa sita. Kama sina kitu ya kupiga, napiga ile. Ju ya nini?"

Alimwambia si kitu. Akakata simu, akabaki ameitazama maikrofoni kama mnyama aliyemlisha kila siku na leo amemng'ata. Huko Shabunda "leo" yake ilikuwa imezeekea mfukoni, imelowa mvua, imechezwa na kurudiwa kama wimbo wa baa. Baba yake angeweza kufa siku yoyote kati ya hizo. Aliloweza kusema kwa hakika ni kwamba hakufa siku ile aliyoitamka yeye, maana kipindi kilikuwa bado hakijafika.

Alimweleza baba yake mdogo, Papa Constantin, aliyekuwa akisimamia mambo yote ya misa. Alimkuta nje ya parokia akihesabu viti na vijana wa kwaya. Papa Constantin alisikiliza hadi mwisho, kisha akamvuta pembeni.

"Mutoto, umeambia maman?"

"Bado."

"Usimuambie. Unataka kumupa nini? Kutojua? Ile alikuwa nayo tayari, ilimukausha. Tarehe hii imemurudishia usingizi."

"Ni ya uongo, papa."

"Ni ya misa. Mungu iko najua siku ya kaka yangu, hahitaji wewe umukosoe. Na kesho kutwa, kwa émission, utasema Mobutu, utasema Papa Wemba, halafu utasema Zagabe. Maman yako amealika batu bote basikilize. Mutu alipiga gitaa maisha yake yote na hakuna redio hata moja iliyomutaja. Utamunyima hata hiyo?"

Papa Constantin hakuwa mbaya, na hilo ndilo lililoumiza.

Siku mbili zile alitembea na ulimi mzito. Mara mbili alifungua kinywa mbele ya mama yake, na mara zote mbili mama alimtangulia: atazame shingo ya blauzi, aonje kasiksi, ile pombe ya ndizi, kama imeiva, aseme kama baba angeipenda rangi hii. Aliona jinsi mama alivyokuwa amenenepa kidogo usoni. Akafunga kinywa. Akajiambia kwamba sauti yake imewahi kutangaza mambo makubwa kuliko haya, na neno moja la huruma halitaiua.

Asubuhi ya ishirini na nne, Muhumba ilikuwa na ukungu wa ziwa. Nyumbani walikuwa wameiweka redio juu ya kiti uani, na wanawake wameizunguka. Studioni, Maombi alivaa vifaa vya masikioni, taa nyekundu ikawaka, akaanza. Alisema juu ya siku ile ya Mobutu kule N'Sele, rais aliyezoea kupigiwa makofi alivyotangaza mwisho wa chama kimoja, huku sauti ikimkwama. Alisema juu ya jukwaa la Abidjan, wacheza shoo wakiendelea kucheza kwa sababu hawakuona nyuma yao mwimbaji ameanguka. Alisema vizuri, kama kawaida yake.

"Na siku kama ya leo," akaendelea, "mwaka jana…"

Akaona chumba ambacho hajawahi kukiona, redio dirishani, mkono ukiinuka. Nyamazeni, huyu ni mutoto yangu. Baba aliwanyamazisha watu kwa sababu aliamini anachosema ni kweli.

Kimya kikawa kirefu hewani. Fundi wa mitambo akampungia mkono nyuma ya kioo. Maombi akaweka muziki bila kusema ni wa nani, akavua vifaa, akatoka.

Alipofika nyumbani hakuna aliyecheka. Maman Virginie alikuwa amesimama katikati ya uani katika nyeusi yake, kitenge kipya kimekunjwa mikononi mwa Francine. Papa Constantin alikuwa amekaza taya.

"Redio iliharibika?" mama aliuliza.

"Hapana, maman."

"Basi jina ya papa yako ilikushinda?"

Akamwambia. Alisimulia ndege, mvua, mfuko wa vifimbo, kipindi kilichorudiwa mwezi baada ya mwezi. Hakujitetea. Alisema, "Mimi njo nilikupa ile tarehe, na haikuwa yake."

Maman Virginie alikaa juu ya kinu kilichogeuzwa. Kwa muda alionekana anapiga hesabu ya jambo lililo mbali sana.

"Kwa hiyo mwaka jana, siku kama ya leo, alikuwa muzima."

"Alikuwa muzima, maman."

"Alikula."

"Nafikiri alikula."

"Labda alipiga gitaa." Hapo uso ukamvunjika. Alilia bila sauti, mikono juu ya magoti, na wanawake wa Nyangezi wakashindwa kujua kama waanzishe wimbo au wanyamaze. "Naye alikuwa anapumua," akasema, "miye leo nataka kumufungia mwaka."

"Virginie," Papa Constantin akasema taratibu, "padri anangojea. Batu bamekuja."

"Twende kwa misa. Aombewe, hiyo siwezi kukataa. Lakini nyeusi sivui."

"Batasema nini, shemeji? Mwaka umetimia."

"Mwaka ya Papa Wemba ndiyo imetimia. Ya Zagabe bado haijatimia, sijue kama imebakia wiki, sijue kama imebakia mwezi, sijue kitu. Nitavua siku yake yeye." Akamgeukia Francine. "Rudisha ile nguo mu sanduku, dada. Pole kwa kazi yako."

Francine akaipeleka ndani, akipangusa macho kwa bega.

Maombi alipiga magoti kwenye matope ya uani, mbele ya wote, akashika vifundo vya mikono ya mama yake. Vilikuwa baridi. Alijua njia ya Shabunda ilivyo, na watu wenye bunduki walioko huko, na alijua mama anajua.

"Nitapanda ile ndege, maman," akasema kwa sauti, ili Papa Constantin asikie na wa Nyangezi wasikie. "Nitatafuta bale bote balimuzika, mumoja mumoja, na nitakaa nao mpaka bakumbuke. Siku yake nitakuletea. Na kama hakuna anayeikumbuka, nitarudi nikuambie hivyo hivyo, sitakutungia ingine."